Saa ya Kipyenga na Saa ya Adhana: Ratiba za Mechi za Mtaani Songea Zihesabiwe Upya

Kila ifikapo mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekatika na mahindi yameanza kuvunwa, viwanja vya mitaa ya Songea hufufuka. Kuanzia Lizaboni hadi Mfaranyaki, kutoka Bombambili hadi Ruhuwiko, vijana husimamisha magoli, huchangishana fedha za jezi na kuandikisha timu katika mashindano ambayo zawadi yake mara nyingi ni mbuzi, seti ya jezi au mpira mpya. Huo ndio msimu wa ndondo. Na huo ndio msimu ambao safu za vijana katika swala ya Magharibi hupungua misikitini, na akina mama majumbani huanza kuulizana watoto wako wapi ilhali giza limekwisha kuingia.

Wapo wanaolitazama jambo hili na kuhitimisha kwamba mpira umewateka vijana wetu wakaiacha dini. Hitimisho hilo ni la haraka. Kijana yule yule anayekosekana Magharibi siku ya mechi huonekana safu ya kwanza siku isiyo na mechi. Kilichobadilika kwake ni saa, wala si imani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mgongano kati ya uwanja na msikiti katika mji wetu inatokana na kosa la hesabu, na kwamba kosa hilo linaweza kusahihishwa bila ya kijana kulazimika kuchagua kati ya timu yake na swala yake.

Saa 10:30 imetoka wapi?

Waratibu wengi wa mashindano ya mtaani hupanga mechi ianze saa 10:30 jioni. Sababu zao zinaeleweka. Ofisi za serikali hufungwa saa 9:30 alasiri, shule za kutwa nazo huwa zimekwisha kuwaachia wanafunzi, na jua la mchana limepunguza ukali. Mchezaji anapata nafasi ya kurudi nyumbani, kubadili nguo na kwenda uwanjani. Watazamaji nao wanapata nafasi ya kufunga shughuli zao katika soko la Majengo na kwingineko.

Tatizo ni kwamba saa hiyo imewekwa kwa kuangalia mwanzo wa mechi tu. Hakuna anayeuliza mechi itakwisha saa ngapi. Tena imewekwa kana kwamba jua huzama saa ile ile mwaka mzima, jambo ambalo si kweli hapa kwetu.

Jua la Songea si jua la Dar es Salaam

Songea iko upande wa magharibi wa Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi tatu na nusu za longitudo. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika nne; kwa hiyo mchana wetu wa katikati huchelewa kwa takriban robo saa ukilinganisha na wa Dar es Salaam, ingawa saa zetu za mkononi ni zile zile. Zaidi ya hapo, Songea iko kusini zaidi, karibu nyuzi 10 na nusu kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi hapa kwetu ni kubwa kuliko Pwani.

Matokeo yake ni haya. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, jua la Songea huzama kiasi cha saa 12:20 jioni. Mwishoni mwa Januari huzama baada ya saa 1:00 usiku, takriban saa 1:05. Kati ya jioni fupi kabisa na jioni ndefu kabisa kuna tofauti ya robo tatu ya saa. Anayetumia kalenda ya swala iliyopangwa kwa ajili ya Dar es Salaam bila kuirekebisha atakuwa nyuma ya ukweli kwa dakika saba au nane mwezi Juni, na kwa zaidi ya dakika 20 mwezi Desemba.

Alasiri nayo husogea. Kwa kipimo kinachofuatwa na wengi wetu, yaani kivuli cha kitu kulingana na urefu wake baada ya kuongeza kivuli cha mchana wa katikati, Alasiri ya Songea huingia karibu saa 9:30 mwezi Oktoba, na hufikia saa 10:10 hivi mwishoni mwa Januari. Mwishoni mwa Mei huingia kama saa 9:55.

Sasa tuzipime nafasi hizo. Mwanzoni mwa Novemba, kati ya kuingia Alasiri na kuingia Magharibi kuna takriban saa tatu. Mwishoni mwa Mei nafasi hiyo hupungua hadi saa mbili na dakika 25. Hapo ndipo mtihani wetu ulipo. Msimu ambao viwanja vimekauka, mavuno yanaingia, mifuko ina chochote na mashindano ni mengi, ndio msimu ambao jioni yetu ni fupi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Hesabu ya mechi moja

Mechi kamili ya mpira wa miguu ina vipindi viwili vya dakika 45. Mapumziko kwa mujibu wa sheria hayazidi dakika 15. Ongeza dakika tano hivi za kufidia muda uliopotea, jumla inakuwa saa moja na dakika 50. Hiyo ni mechi iliyoanza kwa wakati. Lakini nani asiyezijua mechi zetu? Mwamuzi anasubiriwa, jezi zimefungiwa kwa mtunza vifaa, timu moja ina wachezaji tisa na wa kumi yuko njiani juu ya bodaboda. Kuchelewa dakika 20 ni jambo la kawaida.

Basi mechi ya saa 10:30 ikianza saa 10:50, itakwisha saa 12:40 jioni. Mwezi Januari hapana neno. Jua bado liko juu ya upeo na vijana wana dakika 25 za kunawa na kuifuata jamaa. Mwishoni mwa Mei, saa hiyo hiyo 12:40, jua limezama dakika 20 zilizopita. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta mwanga wa jioni haukai. Baada ya dakika 20 hadi 25 tangu jua kuzama giza huwa limeshika. Kwa hiyo dakika za mwisho za mechi, ambazo aghalabu ndizo zenye rabsha kubwa, huchezwa gizani. Golikipa hauoni mpira, mwamuzi haoni mkono uliogusa, na malalamiko ya goli lililokataliwa yanafuatana na watu hadi majumbani.

Na tukizungumzia mechi ya mtoano, hesabu inakuwa ngumu zaidi. Muda wa ziada ni dakika 30, na mikwaju ya penalti ina muda wake. Jioni ya Juni haina nafasi hiyo hata kama mechi ingeanza mara tu baada ya Alasiri.

Wanaoumia si wachezaji peke yao. Watoto wadogo walioandamana na kaka zao hurudi nyumbani kwa miguu kando ya barabara zisizo na taa, huku magari na bodaboda zikipita. Mabinti waliokwenda kutazama au waliocheza netiboli kabla ya mechi ya wanaume hurudi katika giza hilo hilo. Mzazi anayemkataza binti yake kwenda uwanjani mara nyingi hana ugomvi na mchezo. Ugomvi wake ni na saa ya kurudi.

Funzo kutoka katika kriketi

Upo mchezo mmoja ambao umelazimika kufikiri sana juu ya saa kuliko mpira wa miguu, nao ni kriketi. Hapa Songea mchezo huo ni mgeni. Dar es Salaam unajulikana, na umekuwa ukichezwa katika viwanja kama vile Gymkhana na Annadil Burhani. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza la wanaume la mchezo huo lilipofanyika Uingereza, timu ya Afrika Mashariki ilishiriki ikiwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Wakati huo kila upande ulipewa ova 60, na kila ova ni mipira sita. Mechi moja ilikula siku nzima.

Mchezo unaochukua siku nzima hauwezi kupuuza mwanga wala tumbo. Katika mechi za kimataifa za siku tano, ratiba ina dakika 40 za chakula cha mchana na dakika 20 za chai, na mapumziko hayo yamo ndani ya kanuni, hayaombwi kama hisani. Waamuzi wana mamlaka ya kusimamisha mchezo mwanga ukipungua kiasi cha kuhatarisha, kwa kuwa mpira wake ni mgumu na hurushwa kwa kasi kubwa. Mechi hupangwa ianze asubuhi kwa sababu mpangaji ameanza kuhesabu kutoka machweo akirudi nyuma.

Kubwa zaidi ni lile lililotokea Uingereza mwaka 2003. Wasimamizi wa mchezo huo waliona watu hawapati siku nzima ya kukaa uwanjani. Wakaanzisha mashindano ya ova 20 kwa kila upande, mechi inayokwisha kwa saa tatu hivi, ili mfanyakazi aweze kuitazama baada ya kazi. Leo mtindo huo umeenea duniani kote, na timu za taifa letu za kriketi hushiriki mashindano yake. Waliufupisha mchezo ulioheshimiwa kwa karne kadhaa ili ulingane na maisha ya watu, na mchezo haukufa.

Mpira wa miguu nao una mlango huo. Sheria za mchezo zinaruhusu vipindi vipunguzwe, vikiwa sawa, endapo mwamuzi na timu zote mbili wamekubaliana kabla ya mechi kuanza na kanuni za mashindano zinaruhusu. Matoleo ya zamani ya sheria hizo yalitaja waziwazi mfano wa kupunguza kila kipindi kuwa dakika 40 kwa sababu ya upungufu wa mwanga. Vilevile, kanuni za mashindano zinaweza kuelekeza mshindi wa mtoano apatikane kwa penalti moja kwa moja bila ya muda wa ziada. Kwa hiyo anayesema kwamba mechi haiwezi kupunguzwa kwa sababu ya Magharibi hajaisoma sheria ya mchezo wake mwenyewe.

Hata katika Ligi Kuu ya Uingereza, ambako kila dakika ina thamani ya fedha nyingi, jambo hili limepata nafasi. Tarehe 26 Aprili 2021, katika mechi ya Leicester City na Crystal Palace, mchezo ulisimama kidogo mnamo dakika ya 30 ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Mwaka 2023 waamuzi wa ligi hiyo walielekezwa kuruhusu mapumziko mafupi ya namna hiyo katika mwezi wa Ramadhani. Ikiwa kule imewezekana, itashindikanaje Msamala au Matarawe?

Hoja ya kwamba Magharibi ina nafasi

Atasema msemaji: wakati wa Magharibi haumaliziki jua linapozama. Kauli yenye nguvu kwa wanazuoni ni kwamba unaendelea mpaka wekundu wa mawingu upotee, na kwa hapa kwetu hiyo ni zaidi ya saa moja. Mechi ikiisha saa 12:40, kijana bado ana wakati wa kuswali. Hoja hiyo ni sahihi kifiqhi, na haifai kuwatisha vijana kwa kuwaambia kwamba swala yao imekwisha ilhali wakati wake ungalipo.

Lakini tuyatazame yanayotokea. Mechi ikiisha, timu iliyoshinda inashangilia, iliyofungwa inamzunguka mwamuzi. Uwanjani hakuna maji. Nguo zina tope na jasho. Kijana anaambiwa asubiri kikao cha timu, kisha anatafuta usafiri wa kurudi Mshangano au Mletele. Afikapo nyumbani adhana ya Isha imekwisha kusomwa. Wakati ulikuwepo, ila mazingira yameula. Aya ya 103 ya Suratun Nisaa inatukumbusha kwamba swala imewekewa nyakati zake, na mwenye busara haipangi jioni yake kwa kutegemea dakika za mwisho za wakati huo. Tena jamaa ya msikitini imempita, na ikimpita kila wiki kwa miezi mitatu, mguu wake unazoea kutokwenda.

Kwa nini isiwe asubuhi?

Wengine wamependekeza mechi zote zihamishiwe asubuhi ya Jumamosi au Jumapili. Pendekezo hili lina uzuri wake, hasa kwa fainali na mechi za mtoano, kwa kuwa mwanga ni mwingi na Adhuhuri iko mbali. Hata hivyo lina gharama. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi na umande. Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya vijana wengi kwenda shambani kuvuna au kushika biashara sokoni.

Jumapili asubuhi ina jambo jingine. Wachezaji wenzetu Wakristo wanakwenda kanisani, na katika timu zetu za mtaani Muislamu na Mkristo huvaa jezi moja. Hatuwezi kudai ratiba iheshimu Magharibi yetu, kisha tukapanga mechi wakati wa ibada ya jirani. Anayedai haki ya wakati wake ana wajibu wa kuulinda wakati wa mwenzake. Kwa hiyo jioni itabaki kuwa saa ya mechi nyingi, na kazi yetu ni kuipanga vizuri.

Ratiba inayopendekezwa

Kanuni yenyewe ni nyepesi: anza kuhesabu kutoka Magharibi ukirudi nyuma. Toa dakika 15 za kunawa na kutembea. Toa muda wa mechi. Toa dakika chache za ucheleweshaji usioepukika. Unapofika, hapo ndipo kipyenga kipulizwe. Kwa hesabu hiyo, Songea inahitaji saa mbili tu za kuanzia mechi kwa mwaka mzima.

Kuanzia Desemba hadi Machi, mechi zianze saa 10:40 jioni. Zitakwisha saa 12:30, nayo Magharibi ya miezi hiyo iko kati ya saa 12:45 na saa 1:05. Mvua ikichelewesha mchezo, bado kuna nafasi kidogo.

Kuanzia Aprili hadi Novemba, mechi zianze saa 10:20. Zitakwisha saa 12:10. Lakini kuanzia Mei hadi katikati ya Julai, ambapo jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:30, kila kipindi kiwe cha dakika 40 na mapumziko yawe dakika 10. Mechi itakwisha kabla ya saa 12:00, na hata ikichelewa dakika 10 kuanza, vijana watakuwa na robo saa kabla ya adhana. Katika miezi hiyo mtoano uamuliwe kwa penalti moja kwa moja, na fainali, kama waandaaji wanataka muda wa ziada, ichezwe Jumamosi asubuhi.

Alasiri iswaliwe uwanjani kwa jamaa kabla ya mechi. Inahitaji mikeka miwili na ndoo za maji, gharama ambayo timu yoyote inaimudu. Timu itakayochelewa zaidi ya dakika 10 ihesabiwe kuwa imepoteza muda wake: kipindi kipunguzwe kwa pande zote mbili, ila Magharibi isisogezwe. Kanuni hiyo iandikwe kabla ya mashindano kuanza na isainiwe na viongozi wa timu zote, ili isionekane kuwa imebuniwa siku ya mechi kwa ajili ya kuipendelea timu fulani.

Ramadhani ina hesabu yake. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, haiwezekani kuuwekea saa moja ya kudumu. Kilicho salama ni kuyasimamisha mashindano, na kuwaachia vijana mazoezi mepesi yanayokwisha muda wa kutosha kabla ya futari.

Wajibu wa msikiti na wazazi

Ratiba hii haitatekelezeka kwa lawama za mimbarini. Kamati ya msikiti inayotaka vijana wafike Magharibi inapaswa kuwaendea waratibu wa mashindano kabla ratiba haijachapwa, ikiwa na jedwali la nyakati za swala za Songea mkononi, mwezi kwa mwezi. Mratibu wa mashindano si adui. Mara nyingi hajawahi kuonyeshwa kwamba jua la Mei na jua la Januari halizami saa moja.

Kuna upande wetu pia. Madrasa nyingi husomesha alasiri, na mtoto anayelazimishwa kukaa darasani huku akisikia kelele za uwanja hasomi. Pale inapowezekana, darasa la Jumamosi lihamishiwe asubuhi katika msimu wa mashindano, ili mwanafunzi asiione elimu kuwa ndiyo inayomnyima mchezo. Maimamu nao wakiweza, katika siku za mechi, kusubiri dakika chache kati ya adhana na iqama, kijana aliyekimbia kutoka uwanjani ataipata rakaa ya kwanza. Na akifika na jezi yake safi yenye kusitiri, apokewe kwa uso mkunjufu. Si kila mahali panapofaa kuanza somo la mavazi.

Wazazi wanaweza kufanya jambo moja jepesi: kumuuliza mtoto mechi inaanza saa ngapi, na inakwisha saa ngapi. Swali la pili ndilo lisiloulizwa. Akilijua jibu, mzazi ana haki ya kumtarajia mwanawe nyumbani au msikitini kwa saa inayojulikana, na mtoto anajifunza kwamba wakati ni amana.

Mji wetu uliwahi kutoa timu ya Majimaji iliyofika kuwa bingwa wa nchi, na vijana wa mitaa hii wana haki ya kuota ndoto kama hizo. Msimu ujao wa ndondo utaanza kama kawaida, mvua zikikatika. Kabla ya siku hiyo, kila kamati ya msikiti na ikutane na kila mratibu wa mashindano katika kata yake, wakae mezani na kalenda moja, waandike saa ya kumaliza mechi kwanza, kisha ndipo waandike saa ya kuanza.